Mwaka Niliochambua Karatasi Nakawa

Siku ya tatu ya msiba wa Mama Atim nilijikuta jikoni kwa binti yake, kwenye flati ya ghorofa ya pili pale Bugolobi, naosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Sebuleni wanawake wa kanisa walikuwa wamejaa kwenye mikeka, na Nalongo, mwenzangu wa zamani, aliyevimba miguu lakini ulimi haujachoka hata kidogo, alikuwa akiwasimulia jinsi sisi watatu tulivyochambua karatasi taka kwenye godauni la Nakawa wakati wa utawala wa wanajeshi. Watu wakacheka, wakasikitika, wakacheka tena. Kisha mama mmoja akasema kwa sauti ya upole kwamba marehemu alikuwa mke wa kweli, alimngoja mumewe mpaka pumzi ya mwisho, hakuolewa tena, wala hakuacha kumwombea arudi. Wote wakaitikia. Nilikaa, nikasimama, nikafungua kabati la Atim bila kujua natafuta nini. Mimi ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyejua kwamba yule mume alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka ule wa godauni, na nilijua kwa sababu niliusoma ushahidi kwa macho yangu, nikaufunga ndani ya robota, nikaupeleka Kenya.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wahindi walikuwa wameondoka mwaka uliotangulia, maduka yao wakapewa watu ambao wengi hawakujua hata bei ya kitu kilichokuwa rafuni, na godauni letu alipewa kapteni mmoja aliyekuja mara moja kwa wiki, akazunguka, akapiga teke marobota kama anayepima gurudumu la gari, akaondoka. Nilikuwa nakaa Kisugu kwa shangazi yangu na nilikuwa nimechoka kukaa. Sijawahi kuwa mtu wa kutulia, na mwaka ule kutulia kulikuwa ndiyo kazi ya kila mtu: usitoke, usiulize, usimtazame mtu aliyevaa miwani myeusi. Niliposikia wanatafuta wanawake wa kuchambua karatasi nilitembea kwa miguu mpaka Nakawa asubuhi ileile, viatu mkononi ili visichafuke. Aliyenipokea mlangoni alikuwa mwanamke mrefu, mweusi tii, mwenye kilemba cha kijani, akanitazama vidole kabla hajanitazama uso. Huyo ndiye Mama Atim. Mtoto mwenyewe, Atim, alikuwa bado mchanga, yuko kaskazini kwa bibi yake, lakini mama alitajwa kwa jina lake kutwa nzima.

Godauni lilikuwa na bati juu na saruji chini, na katikati vilima vya karatasi vilivyofika karibu na dari. Kiwanda kilichonunua kilikuwa ng'ambo ya mpaka, Kenya, huko walikozichemsha karatasi zetu zikawa uji na uji ukawa karatasi mpya, na kiwanda hicho hakikuwa na mzaha. Kila robota lilipaswa kuwa la aina moja. Wazungu na Wahindi walikuwa na majina marefu ya aina hizo, yameandikwa ubaoni, lakini wanawake walikuwa na majina yao. Karatasi nyeupe isiyoguswa na wino, yale mabaki ya kukatwa kwenye kiwanda cha chapa, iliitwa Bibi Harusi. Nyeupe iliyoandikwa, ya ofisini, iliitwa Karani. Gazeti lilikuwa Gazeti, boksi lilikuwa Boksi. Na kila kisichoweza kuwa kitu, chenye gundi, chenye nta, chenye kaboni, kiliitwa Yatima, kikaenda kwenye robota la bei ya bure. Kaboni ndiyo iliyokuwa adui yetu mkubwa. Karatasi chache zenye kaboni zikiingia ndani ya robota la Karani, wino wake unatoka kwenye maji moto na kuchafua pipa zima, na yule mnunuzi akipasua robota akaziona, behewa zima linashushwa daraja, na Kapteni anakuja siku ambayo si siku yake. Kwa hiyo kila mchambuaji alifunga kitambaa cha rangi yake ndani ya robota lake. Changu kilikuwa chekundu.

Mama Atim alinifundisha kwa siku nne. Shika karatasi kwa kidole gumba na cha shahada, isugue, usikie. Inyanyue kwenye mwanga. Ichane kidogo pembeni, utazame manyoya yake: marefu ni nzuri, mafupi imekwisha kuchemshwa mara nyingi, haina nguvu tena. Ukiwa na shaka, gusa kwa ncha ya ulimi, ikinata ina gundi. Macho yaangalie rangi, matundu, pini, kutu, madoa. Yasiangalie maneno. Hilo ndilo lililonishinda. Mimi nilikuwa mtoto wa kusoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia njugu, na yale mabuku ya Wahindi yalikuwa yakininyima usingizi: kadi za harusi zenye maua ya dhahabu, daftari za watoto wa shule zilizoishia katikati ya hesabu, barua za shangazi zilizoanza kwa Kiingereza zikamalizia kwa mwandiko wa kwao. Nilisimama na kadi mkononi, nikijiuliza huyu bwana harusi sasa yuko wapi, London au wapi, na kilima mbele yangu hakikupungua. Nalongo alikuwa akipiga kelele kutoka upande wake: "Hadija anasoma tena! Mwarimu wa makaratasi!" Mama Atim hakupiga kelele. Alinijia, akanipiga kibao cha mkono, kibao cha mama, akasema maneno ambayo hata leo nikishika bahasha nayasikia.

"Mwanangu, hapa hatusomi. Karatasi ikipita mkononi mwako ni Karani au ni Yatima, basi. Ukijua kilichoandikwa, kuna siku mtu atakuja kukuuliza umejua nini."

Hakuwa anatia chumvi. Miezi mitatu kabla mimi sijafika, mumewe, Sajini Ochiti wa polisi, alikuwa ametoka kazini kwa chakula cha mchana, gari likasimama, akaitwa kwa jina lake, akapanda. Wenzake waliona. Hakuna aliyeona kitu. Watu wa kaskazini walikuwa wakiisha hivyo mwaka ule, askari na polisi, mmoja mmoja, na wake zao wakabaki kwenye nyumba za serikali mpaka walipoambiwa watoke. Mama Atim alihamia chumba kimoja nyuma ya soko la Nakawa. Nilikwenda kwake Jumapili nyingi, maana kwa shangazi nilikuwa nikizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, sanduku la bati, na ukutani, kwenye msumari, mashati mawili ya Ochiti. Kila Jumapili aliyashusha, akayapiga pasi ya mkaa, akayatundika tena. Nilimuuliza siku moja kwa nini anayapiga pasi mashati ambayo hayajavaliwa. Akasema yanashika vumbi, na Ochiti hapendi vumbi. Alisema hapendi, hakusema alikuwa hapendi, na mimi, mdomo wangu usiotulia, siku hiyo ulitulia.

Chakula cha mchana tulikula kwenye ukuta wa nyuma wa godauni, tumekaa juu ya marobota ya Boksi, upande wa reli. Nalongo alileta matoke kwenye jani, ameyafunga vizuri kiasi kwamba yalitoa moshi mpaka saa saba. Mimi nilikuwa na mihogo, au chai ya rangi bila sukari, kwa sababu sukari ilikuwa imekuwa kitu cha kupangia foleni kama pasipoti. Tulimega vya wote. Na hapo ndipo nilipopata elimu yangu, kwa kusikia wanawake wakizungumza huku wanajifanya hawazungumzi. Nalongo alisema jirani yake ameacha redio imewaka siku mbili. Ilimaanisha hayupo. Mama Atim alisema kuna mtu mmoja wa kofia ya majani, anasema ana ndugu askari kwenye gereza fulani, na huyo ndugu amemwona Ochiti. Yu hai, amekonda, anaomba sabuni. Mama Atim alimpa sabuni. Mwezi uliofuata Ochiti aliomba sukari. Kisha akaomba saa yake ya mkono. Nalongo alinitupia jicho, nami nikaangalia reli. Tulijua, sote wawili, kwamba yule mtu ni tapeli, na wapo wengi, wanakula vya wake za waliopotea. Lakini nani aseme? Ukisema, umemuua mume wa mtu kwa mdomo wako.

Basi likaja lori. Kapteni alikuwa amepata kibali cha kukusanya karatasi za zamani kutoka ofisi za serikali, na kwa muda wa wiki mbili magunia yalishushwa mfululizo, yamefungwa kwa lakiri iliyovunjika. Tuliambiwa jambo moja tu: hakuna karatasi itakayotoka nje ya lango. Askari wawili walisimama langoni, wakatupapasa kila jioni, mpaka kwenye vilemba na ndani ya viatu. Walikamata msichana mmoja wa upande wa Gazeti, amefungia njugu zake kwa fomu ya serikali, karatasi tupu yenye nembo juu. Askari alimuuliza kwa Kiswahili chao cha kambini: "Wewe napeleka hii kwa nani?" Msichana alilia, akasema njugu, afande, ni njugu tu. Walimpakia garini pamoja na njugu zake. Hakurudi, na kesho yake mahali pake palikuwa na mtu mwingine.

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, jua linaingia kwenye matundu ya bati. Nilikuwa na gunia la tatu. Nilikwisha kujifunza, vidole vilikuwa vinakwenda peke yao, Karani, Karani, Yatima, Karani. Kisha likaja faili jembamba, nikachomoa kilichokuwamo, na kile kilichonishinda tangu siku ya kwanza kikanishinda tena. Niliona jina. Ilikuwa orodha ya watu kumi na kitu, imepigwa taipu, na wa tano ni Ochiti, na jina lake la ubatizo, na namba yake ya polisi ambayo niliijua kwa sababu ilikuwa imeshonwa ndani ya kola za yale mashati. Mbele ya kila jina, kwenye safu ya mwisho, neno moja la Kiingereza, lilelile kwa wote, kutoka juu mpaka chini. Amekufa. Amekufa. Amekufa. Nilidhani godauni zima limenyamaza, lakini mashine ya kubana marobota ilikuwa inaunguruma kama kawaida, na Nalongo anaimba.

Na Mama Atim alikuwa anakuja. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwangu kati ya vilima, anatabasamu, na sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu kwa meno. Alinishika bega, akaninong'oneza kwamba yule mtu wa kofia amekuja alfajiri. Wanatoa watu sikukuu hii. Ochiti yumo. Alikuwa ameuza sanduku la bati ili yule bwana ampe askari wa zamu kitu kidogo, na kwa kilichobaki alikuwa amenunua nyama, na mchana ule tungekula nyama na simsim, ule ufuta wa kwao kaskazini, sote watatu. "Nimekuambia wewe wa kwanza," alisema. Orodha ilikuwa mkononi mwangu. Umbali kati ya jicho lake na ile karatasi haukuwa mrefu kuliko urefu wa mkono. Ningenyanyua tu. Nimeifanya hesabu hiyo maisha yangu yote, kwamba sikuhitaji hata kusema, ningenyanyua tu mkono.

Sikunyanyua. Niliogopa, na nalisema waziwazi, kwa sababu watu wa rika langu wanapenda kusimulia enzi zile kana kwamba walikuwa mashujaa waliokosa nafasi. Niliogopa askari wa lango, niliogopa kilio ambacho Mama Atim angelia katikati ya godauni na watakaokuja kuuliza kwa nini analia. Niliuogopa uso wake. Na pia, Mungu anisamehe, niliogopa kuwa peke yangu: angejua angerudi kaskazini kwa mtoto wake siku hiyohiyo, na mimi ningebaki na vile vilima bila mtu wa kunipiga kibao. Yote haya yalipita kichwani kwa muda wa kupepesa jicho, na kabla sijaamua lolote, mkono wangu ulikuwa umekwisha kuamua. Uliisugua ile karatasi kwa kidole gumba, ukaona ni kaboni, ukaitupa kwa Yatima. Mama Atim aliufuata mkono kwa macho, mwalimu akimtazama mwanafunzi, akasema, "Vizuri," akaenda zake.

Mchana tulikula nyama. Ilikuwa laini, ina simsim iliyosagwa vizuri, na nilikula fungu langu lote. Saa tisa robota la Yatima lilibanwa, kitambaa changu chekundu ndani yake. Siku ya Ijumaa behewa lilivutwa kuelekea mpakani, nikasimama kwenye ukuta wa nyuma nikilitazama mpaka likapinda. Nilijiambia nitamwambia kesho. Sikukuu ikafika, ikapita, Ochiti hakutoka, na yule mtu wa kofia akasema zamu ya askari ilibadilishwa, tungoje Pasaka. Nilijiambia nitamwambia Pasaka. Nikaanza kuchelewa kazini, nikaacha kwenda kwake Jumapili kwa sababu ya yale mashati, nikamgombeza Nalongo bila sababu. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeondoka, nimepanda basi la Nairobi na mtu niliyemjua kwa wiki sita, na watu wakasema Hadija ameponzwa na mapenzi. Mapenzi gani. Nilikuwa namkimbia mwanamke anayepiga pasi.

Serikali ile iliporomoka, nami nikarudi, na ningeweza kusema wakati huo. Hakukuwa na askari langoni tena wala lango lenyewe. Lakini kwanza ningelazimika kusema nimelijua tangu lini. Mama Atim alinikaribisha kana kwamba nilitoka jana, akanipikia, akanionyesha Atim aliyekuwa sasa anasoma shule, akaniambia wengine wanaonekana Sudan, wamepoteza kumbukumbu, wanarudi polepole. Nikala, nikasema inshallah. Nilisema inshallah kwa miaka mingi, katika vyumba vyake vyote, kila alipohama. Hicho ndicho kitu ninachoshindwa kukisamehe, zaidi ya ile asubuhi. Ile asubuhi nilikuwa mtoto na nilikuwa na hofu. Lakini inshallah nilizisema nikiwa mtu mzima, nimekaa vizuri kwenye kiti, na chai mkononi.

Atim aliingia jikoni akanikuta na kikombe kilekile. Sasa yeye mwenyewe ana mvi, ni muuguzi mstaafu, na ana tabia ya mama yake ya kumtazama mtu vidole. Alichukua kikombe, akakiweka chini. Akasema, "Anti Hadija, tangu asubuhi hujakaa. Una nini?"

Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka kama yalivyo, gunia, faili, jina la tano, safu ya mwisho, nyama na simsim. Nilisema nikitazama sinki. Sebuleni walikuwa wameanza wimbo, na nilitamani waimbe kwa nguvu zaidi ili asisikie, na wakati huohuo nilitamani asikie kila neno. Nilipomaliza nilingoja anitukane. Ningelipokea tusi lolote. Alivuta stuli ya plastiki, akakaa, akaweka mikono magotini. Kisha akafuta macho kwa kanga, mara moja, akafungua droo, akatoa kalamu na karatasi iliyokunjwa. Yalikuwa maandishi ya jiwe la kaburi, ambayo fundi alikuwa anayangoja kesho. Jina la mama yake na tarehe zake mbili. Chini yake, jina la baba, siku ya kuzaliwa, na nafasi tupu.

"Basi ilikuwa na tarehe," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, ingekuwa afadhali. "Orodha ya ofisini haikosi tarehe. Amekufa lini, Anti? Misa yake tuisome siku gani?"

Nikafumba macho na karatasi ikaja mara moja, nzima, wazi kuliko uso wa mtu yeyote niliyempenda. Nikamwambia ilikuwa nakala ya kaboni, ya pili au ya tatu, kwa sababu herufi zilikuwa na ukungu. Karatasi nyembamba, ya rangi ya samawati, iliyokwisha kuchemshwa mara nyingi, manyoya mafupi. Matundu mawili kushoto. Pini kwenye kona, imeshika kutu, na kutu imeacha alama. Doa la chai chini. Juu kulia kulikuwa na muhuri wa wino wa zambarau, wa duara, na ndani ya muhuri kulikuwa na tarehe.

Atim alikuwa ameshika kalamu juu ya ile nafasi tupu, anangoja.

"Niliuona muhuri," nikamwambia. "Niliona ni zambarau. Sikuusoma."